Hesabu za miezi mitatu: shaba ya Lualaba inasomwa Toronto na London, sisi tunasubiri mwaka uishe

Mara nne kwa mwaka, ripoti moja inatoka Toronto na inaeleza kilichotokea chini ya ardhi ya Kakula, hapa karibu na Kolwezi. Inasema tani ngapi za shaba zimeuzwa, franga ngapi zimeingia, deni limefika wapi na mambo gani yaliharibika. Mara mbili kwa mwaka nyingine inatoka London, na ndani yake mtu anakuta KCC na Mutanda. Hong Kong inatoa ya Kinsevere, upande wa Lubumbashi. Kwa Kibali kule Haut-Uélé na kwa bati ya Bisie, Walikale, ni vile vile: walio mbali wanasoma mapema, wenye ardhi wanasubiri.

Ripoti hizo zinaitwa hesabu za katikati ya mwaka. Kampani haisubiri Desemba iishe. Inafunga hesabu kwa muda mfupi, mwezi wa tatu, wa sita na wa tisa, halafu inaonyesha wenye hisa hali ilivyo. Namna ya kuzitengeneza iko ndani ya kanuni moja ya kimataifa, IAS 34, iliyoanza kutumika mwaka 1999. Ni kanuni fupi, na watu wengi wanaona ni mambo ya wahasibu tu. Lakini katika jimbo ambalo redevansi na dotasio ya jamii zinahesabiwa juu ya mauzo ya mgodi, kujua mauzo ya mgodi mwezi wa saba badala ya kungoja katikati ya mwaka unaofuata, hilo si jambo la wahasibu peke yao.

Na sheria yetu inasema nini? Kongo iko ndani ya OHADA tangu Septemba 2012. Kampani ya hapa inafunga hesabu zake tarehe 31 Desemba, kwa mfumo wa SYSCOHADA, na ina miezi minne ya kuzitayarisha. Mkutano mkuu wa wenye hisa unafanyika ndani ya miezi sita. Maana yake hesabu za 2025 zinaweza kungoja hadi Juni 2026 ndipo zikubaliwe, na hapo bado hazijafika mikononi mwa raia. Ripoti za ITIE, ambazo ni nzuri na zinasaidia sana, zinachelewa kuliko hapo. Sheria ya OHADA inalazimisha kampani zilizoandikishwa kwenye soko la hisa kutoa taarifa ya miezi sita ya kwanza. Lakini nchi yetu haina soko la hisa. Kwa hiyo lazima hiyo haigusi mgodi hata mmoja kwa sababu ya kuwa hapa. Inayowasukuma ni sheria za Kanada, Uingereza na China, kule mama wa kampani alikojiandikisha.

Hapo njo shida inaanza. Ripoti iko wazi kwenye intaneti, bure, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuifungua. Lakini iliandikwa kwa ajili ya mtu wa Toronto mwenye hisa zake, haikuandikwa kwa ajili ya shefu wa sekta ya Luilu. Ukiisoma bila kujua ilivyojengwa, utatoka na hesabu ya uongo, tena utaipeleka kwenye mkutano na kampani, na watakuaibisha mbele ya watu.

Kosa linalorudi kila mara

Tuseme mgodi mmoja wa mfano. Ripoti ya Machi inaandika mauzo ya dola milioni 400. Ya Juni inaandika milioni 900. Ya Septemba inaandika milioni 1 300. Mtu anachukua kalamu, anajumlisha zote tatu, anapata milioni 2 600. Halafu anapiga 0,3 %, ile dotasio ambayo Sheria ya Madini ya 2018 inadai kila kampani itoe kwa maendeleo ya jamii, anapata milioni 7,8. Anaenda kwenye mkutano: wanatudai tuamini milioni 3,9, kumbe wametuibia nusu!

Hapana, hawajaiba. IAS 34 inadai ripoti ya Juni iwe na safu mbili za mauzo: miezi mitatu ya mwisho, na miezi sita tangu mwaka uanze. Ile 900 ni ya miezi sita, na 400 ya Machi iko ndani yake tayari. Ile 1 300 ni ya miezi tisa nzima. Hesabu ya kweli ni milioni 1 300, na 0,3 % yake ni milioni 3,9. Kando ya kila safu kuna nyingine ya mwaka uliopita, kipindi kile kile, ili mtu alinganishe Machi na Machi. Lakini kwa bilani, yaani mali na madeni, mambo yanageuka: hapo tarehe 30 Juni inalinganishwa na 31 Desemba iliyopita, si na Juni ya mwaka jana. Mtu asipojua hilo atasema stoki imeongezeka kwa mwaka mzima wakati imeongezeka kwa miezi sita.

Kuna mtego mwingine mkubwa zaidi, nao ni wa kujua mgodi uko kwenye ukurasa gani. Ivanhoe Mines ya Kanada ina 39,6 % ya kampani inayoshika Kamoa-Kakula. Zijin ya China ina 39,6 % pia, serikali ya Kongo 20 %, na kipande kidogo cha 0,8 % ni cha Crystal River. Kwa kuwa Ivanhoe haiongozi mgodi peke yake, haiandiki mauzo ya Kamoa kama mauzo yake. Inaandika mstari mmoja tu: sehemu yetu ya faida ya ubia. Mstari mmoja kwa mgodi kati ya migodi mikubwa ya shaba duniani! Barrick nayo inafanya hivyo kwa Kibali, ambako ina 45 %, AngloGold Ashanti 45 % na SOKIMO 10 %. Kwa hiyo ukisoma ukurasa wa kwanza wa hesabu hizo na kutafuta shaba ya Lualaba au dhahabu ya Haut-Uélé, hutaiona. Lazima ushuke mpaka kwenye maelezo ya mwisho, yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, utafute jedwali la ubia. Huko ndiko mauzo ya mgodi mzima, gharama zake, redevansi na deni vinapoandikwa.

Kwa Glencore ni kinyume: KCC na Mutanda zimechanganywa ndani ya kundi zima lenye makaa ya mawe ya Australia na biashara ya mafuta. Unapata shaba na kobalti za Afrika zikiwa zimetengwa kidogo, lakini hesabu kamili ya KCC peke yake, na madeni yake kwa mama yake, hupati tena. Zamani ilipatikana. Nitarudi hapo.

Miezi mitatu inasimama yenyewe

Jambo ambalo IAS 34 inakazia, na ambalo mimi naona lina maana zaidi kuliko majedwali yote, ni hili: kipindi kifupi kinahesabiwa kwa kanuni zile zile za mwaka mzima. Kampani haina ruhusa ya kupaka rangi.

Chukua kiwanda kinachosimamishwa kila Septemba kwa matengenezo. Mkurugenzi angependa kugawa gharama hizo kwa miezi kumi na miwili, ili hakuna trimestri inayoonekana mbaya. Kanuni inakataa. Kama kufikia Juni hakuna deni la kweli kwa mtu yeyote juu ya matengenezo hayo, huwezi kuandika hata dola moja. Septemba itabeba mzigo wake. Vivyo hivyo kwa majira: mvua za Desemba hadi Machi zinajaza mashimo maji, pampu zinakula umeme, barabara ya Kasumbalesa inajaa malori yaliyokwama. Huwezi kuficha hasara ya mvua kwa kuazima faida ya kiangazi. Unachodaiwa ni kueleza kwa maneno kwamba kazi yako inategemea majira, msomaji ajue.

Kodi ya faida peke yake inafanywa kwa namna nyingine. Huwezi kujua kodi ya mwaka mzima mwezi wa tatu, basi kampani inakadiria kiwango cha wastani cha mwaka mzima na kukitumia kwa faida iliyopatikana mpaka siku hiyo. Ndiyo maana kodi inayoonekana chini ya faida katika ripoti ya katikati ya mwaka si franga zilizofika DGI. Ni makadirio. Anayetaka kujua kilicholipwa kweli aende kwenye jedwali la mwendo wa pesa taslimu, atafute mstari wa kodi iliyolipwa. Na redevansi asiitafute kwenye kodi: mara nyingi imewekwa kati ya gharama za kuzalisha.

Tena hesabu hizi zina makadirio mengi kuliko za mwaka. Kupima rundo la mawe yenye madini kwa drone na kuhesabu asilimia ya shaba ndani yake ni kazi ya siku nyingi. Kwa trimestri watu wanafupisha. Kanuni inaruhusu hilo waziwazi. Na wakaguzi wa nje, wakiitwa, hawafanyi ukaguzi kamili. Wanauliza maswali, wanalinganisha namba, wanatoa maneno ya tahadhari. Kule Kanada kampani inaweza hata kutoa ripoti ya miezi mitatu bila mkaguzi kuipitia, mradi iseme hivyo mbele ya watu wote.

KCC, mwaka 2017

Kama kuna mtu anadhani haya ni nadharia, akumbuke Katanga Mining. Ilikuwa kampani iliyoandikishwa Toronto, mwenye hisa nyingi akiwa Glencore, nayo ilishika 75 % ya KCC; 25 % ni za upande wa Gécamines. Kila miezi mitatu ilitoa hesabu zake. Mwezi wa Novemba 2017 ilitangaza kwamba wakurugenzi wake huru walichunguza na kukuta namba hazikuwa sawa: shaba iliyoandikwa kuwa imezalishwa, na madini yaliyohesabiwa kwenye stoki, hayakulingana na yaliyokuwepo kweli. Ikabidi irekebishe hesabu za mwaka 2016 pamoja na ripoti za katikati ya mwaka za 2017. Wakurugenzi watatu waliotoka Glencore wakaondoka kwenye baraza. Desemba 2018 mamlaka ya masoko ya hisa ya Ontario ilimaliza kesi kwa makubaliano: kampani pamoja na viongozi wake wa zamani wakalipa zaidi ya dola milioni 30 za Kanada.

Angalia mlolongo wake. Stoki ikihesabiwa kupita ilivyo, gharama zinaonekana ndogo, hasara inaonekana ndogo. Trimestri moja inabeba uongo, inayofuata inaanzia juu ya uongo huo, na mwisho wa mwaka unarithi wote. Lakini pia angalia kitu kingine: tulijua. Tulijua kwa sababu kulikuwa na kampani moja iliyoandikishwa, mgodi mmoja, ripoti moja baada ya nyingine ambazo mtu angeweza kuzilinganisha, na mamlaka yenye meno.

Ripoti hizo hizo zilionyesha jambo ambalo kwa Kongo lilikuwa zito kuliko stoki: mikopo. IAS 34 inataka biashara kati ya kampani na ndugu zake ielezwe hata katika ripoti fupi. Kila trimestri mtu aliweza kuona deni la Katanga Mining kwa Glencore likipanda, na riba yake ikila kila kilichopatikana, kiasi kwamba mwenye 25 % hakuona gawio. Aprili 2018 Gécamines ilienda mahakamani kuomba KCC ivunjwe, kwa sababu mtaji wake ulikuwa umeliwa na hasara na sheria ya OHADA haikubali hali hiyo iendelee bila kurekebishwa. Juni mwaka huo walikubaliana: dola bilioni 5,6 za madeni zikageuzwa kuwa mtaji, na Gécamines ikalipwa milioni 150 kumaliza ugomvi wa zamani. Mabilioni hayo hayakuanguka kutoka mbinguni mwaka 2018. Yalikuwa yameandikwa, ripoti baada ya ripoti, kwa miaka.

Mwaka 2020 Glencore ilinunua hisa zilizobaki na Katanga Mining ikatoka kwenye soko la Toronto. Tangu hapo KCC haina ripoti yake ya miezi mitatu. Hakuna aliyevunja sheria. Dirisha lilifungwa tu, na sikumbuki kusikia mtu hapa akilalamika.

Kobalti iliyolala uani

Sasa tuje kwenye mambo ya karibu. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilizuia kobalti kutoka nchini kwa miezi minne. Juni ikaongeza miezi mitatu. Tarehe 16 Oktoba ikaanza mfumo wa kiasi kilichopangwa: tani 18 125 kwa siku zilizobaki za 2025, halafu tani 96 600 kwa mwaka 2026 na vile vile 2027. Wakati huo huo, uzalishaji wa nchi mwaka 2024 ulikuwa umepita tani 200 000. Kobalti haichimbwi peke yake kwenye migodi mikubwa, inatoka pamoja na shaba; huwezi kuamrisha ardhi itoe shaba na ibaki na kobalti. Kwa hiyo ililala uani, kwenye mifuko.

Katika hesabu za katikati ya mwaka 2025 hali hiyo ilipaswa kuonekana sehemu tatu. Mauzo ya kobalti yanashuka. Stoki inapanda. Pesa taslimu zinapungua kwa sababu umelipa kuchimba bila kuuza. Lakini swali gumu ni bei ya kuandika stoki hiyo. Kanuni ya stoki inasema: andika gharama yako ya kuizalisha, au kile utakachopata ukiiuza baada ya kutoa gharama za kuuza, kilicho kidogo kati ya viwili. Mwanzo wa 2025 kobalti ilikuwa karibu dola 10 kwa paundi, bei ya chini sana. Kampani ambayo gharama yake ilikuwa juu ya hapo ilipaswa kuandika hasara Machi, hata kama mkubwa wake aliamini bei itapanda. IAS 34 hairuhusu kusema «tusubiri Desemba tuone». Bei ikapanda kweli, zaidi ya mara mbili kabla mwaka haujaisha, na hasara ya namna hiyo inaweza kurudishwa katika kipindi kinachofuata. Msomaji aliyeangalia Desemba peke yake hataona kilichotokea katikati. Aliyeangalia kila trimestri ataona mgodi ukiumia kisha ukipona, na atajua nani alikuwa na nguvu ya kungoja na nani hakuwa nayo.

Na kuna mifuko ambayo haitauzwa ndani ya miezi kumi na miwili, kwa sababu kiasi kilichopangwa hakitoshi. Hiyo inatakiwa kuhamia upande wa mali za muda mrefu. Ukiona mgodi umehamisha kobalti yake huko, umekuambia kwa lugha ya hesabu kwamba hautegemei kuiuza karibuni. Kwa jimbo hiyo ni habari kubwa. Redevansi ya kobalti ni 10 %, tangu ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka 2018, wakati shaba ni 3,5 %. Inadaiwa bidhaa inapotoka kusafirishwa, si inapolala uani. Na redevansi inagawanywa: 50 % kwa serikali kuu, 25 % kwa jimbo, 15 % kwa manispaa, sekta au shefferi ambako mgodi uko, 10 % kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Meya anayeandika bajeti yake ya 2026 akitumia mapato ya 2024 bila kuangalia stoki hizo, anaandika ndoto. Kisima kitaanzwa, hakitamalizwa.

Tusikosee hapa: sisemi uamuzi wa kuzuia kobalti ulikuwa mbaya. Bei imepanda, na tani moja leo inaleta redevansi kubwa kuliko tani moja ya Februari 2025. Ninachosema ni kwamba ulikuwa na gharama ya muda mfupi katika kata zetu, na gharama hiyo ilisomeka Toronto na London kabla haijasomeka Fungurume.

Ardhi ilipotetemeka, na vita vilipokaribia

Mei 2025 mitetemo ilipiga mgodi wa Kakula, kazi ya chini ikasimama, maji yakajaa. Mwezi uliofuata Ivanhoe ilishusha makisio yake ya mwaka kutoka tani 520 000 hadi 580 000 za shaba mpaka tani 370 000 hadi 420 000. Kwa hesabu za 30 Juni, tukio kama hilo linalazimisha swali ambalo kampani haiwezi kulikwepa hadi mwisho wa mwaka: je, mali hii bado ina thamani tuliyoiandika? Vifaa vilivyozama, njia zilizobomoka, pampu mpya zilizoagizwa, yote yanapaswa kuelezwa katika ripoti ya trimestri yenyewe. Wafanyakazi wetu walikuwa wakipata habari kwa WhatsApp, nusu uvumi. Ripoti ya Julai ilikuwa na maelezo ya kurasa nyingi, kwa Kiingereza.

Bisie inaonyesha upande mwingine. Machi 2025 M23 ilisogea upande wa Walikale na Alphamin ikasimamisha mgodi wake wa bati. Kipindi kilifungwa tarehe 31 Machi mgodi ukiwa kimya. Siku chache baadaye, mwezi wa Aprili, kampani ikatangaza kuanza tena polepole. Mhasibu afanye nini? Namba za Machi hazibadiliki. Lakini lililotokea baada ya tarehe ya kufunga, likiwa zito, linaandikwa kwenye maelezo. Ukisoma jedwali bila maelezo unaona mgodi uliokufa, na haukuwa umekufa. Ndiyo sababu mimi ninaanza kusoma nyuma, kwenye maelezo, ndipo ninarudi kwenye majedwali. Wahasibu wengine watacheka. Wacheke.

Ni nani anayeweza kuzitumia

Dotasio ya 0,3 % haihesabiwi juu ya ripoti ya Toronto. Inahesabiwa juu ya mauzo ya mwaka ya kampani ya hapa, ile yenye kibali, kwa hesabu za SYSCOHADA. Mauzo ya kundi yanaweza kuwa tofauti: kampani ya biashara ya kundi hilo hilo inanunua shaba hapa kwa bei moja na kuiuza mbele kwa nyingine, na bei ya mwanzo ya shaba inarekebishwa miezi kadhaa baada ya kupakiwa. Kwa hiyo kamati inayosimamia dotasio haiwezi kwenda na ripoti ya London na kusema «lipa hii». Inaweza kwenda na swali: ninyi mmewaambia wenye hisa kwamba mgodi umeuza kiasi hiki kwa miezi sita, hapa mmetuletea makisio ya nusu yake, tofauti imetoka wapi? Swali kama hilo lina jibu. Wakati mwingine jibu litakuwa la haki kabisa. Lakini linatakiwa kuandikwa.

Dirisha lenyewe linaweza kupungua. Septemba 2025 rais Trump alitaka kampani za Marekani ziache ripoti za miezi mitatu na kubaki na za miezi sita. Uingereza iliondoa lazima ya trimestri tangu 2014, njo maana Glencore inatoa hesabu kamili mara mbili tu na katikati inatangaza uzalishaji peke yake. IAS 34 yenyewe haimlazimishi mtu kuchapisha. Inahimiza angalau mara moja katikati ya mwaka, ndani ya siku 60, na kuachia kila nchi iamue. Wanaotetea miezi sita wana hoja: trimestri zinawafanya wakurugenzi wawaze siku tisini tu, na mgodi ni jambo la miaka thelathini. Kwao hoja hiyo ina uzito. Kwetu sisi, ambao hatuna karatasi yetu, kila ripoti inayoondolewa kule ni giza linaloongezeka hapa.

Kinshasa ingeweza kufanya kitu bila kungoja soko la hisa. Kampani hizi tayari zina hesabu za Machi, Juni na Septemba za mgodi wa Kongo. Bila hizo mama yao asingeweza kufunga zake. Kazi imekwisha kufanyika, iko kwenye kompyuta za hapa Kolwezi. Kilichobaki ni maandishi ya waziri yanayodai kurasa nne: mauzo, stoki, redevansi iliyolipwa, madeni kwa ndugu wa kampani. Kwa Kifaransa na Kiswahili, ziwekwe kwenye ofisi ya jimbo na ya sekta ndani ya siku 60.

Mpaka maandishi hayo yatoke, kamati ya dotasio, diwani au mwanafunzi wa ISC anaweza kuanza na ripoti ya 30 Juni, inayotoka kati ya mwisho wa Julai na katikati ya Agosti kwa kampani nyingi tulizozitaja. Afungue maelezo ya mwisho. Atafute jedwali la ubia, stoki, na biashara na ndugu wa kampani. Achukue safu ya miezi sita, aiache ile ya miezi mitatu, na aandike tarehe pembeni.